Nchi Iliyoenea Ubaoni

Mteja wangu wa kwanza kila asubuhi alikuwa mwalimu wa jiografia. Leo magoti yamegoma na kazi yangu ni kutengeneza baiskeli za wengine, lakini bado ninausikia uzito wake nyuma yangu. Si kwamba alikuwa mnene. Alikuwa mtu wa mifupa na koti. Ila alikuwa na tabia ya kufundisha akiwa juu ya baiskeli, na maneno nayo yana kilo zake. Wakati ule pikipiki zilikuwa hazijatufukuza barabarani, na Kisangani nzima ilitembea kwa toleka, zile baiskeli zetu zenye kiti cha sponji nyuma. Kutoka Mangobo tulikokaa mpaka shule yake mjini, mimi nilikanyaga na yeye alisema. Hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Aliniita Toleka, nami nilimwita Prof kama wanafunzi wake.

Somo lake lilikuwa Gambie, ile Gambia ndogo ya Afrika Magharibi. Najua, programu ya shule ilikuwa na nchi nyingine, na yeye alizifundisha, haraka haraka, kama mtu anayekula ugali bila mboga. Lakini akifika Gambie alipunguza mwendo. Nilimwuliza siku moja kwa nini asiwafundishe watoto nchi yao kwanza. Akasema Congo haienei ubaoni. Ubao wa darasa lake ulikuwa umepasuka, na pembe moja ilikuwa imeliwa na mvua. Ukianza kuchora Congo kutoka baharini, alisema, ukifika hapa Kisangani chaki imekwisha na kengele ya kutoka imelia. Gambie aliichora kwa pumzi moja: mstari wa mto kutoka mashariki hadi baharini, halafu ngozi nyembamba juu na chini. Ilifanana na mpose, yule funza mnene wa mchikichi anayekaangwa sokoni, na wanafunzi ambao hawakuwa wamekula kitu asubuhi walicheka huku wanameza mate.

Kwa hiyo mimi, ambaye masomo yangu yalikatika mapema, ninaijua Gambie. Ninajua kwamba Sénégal imeizunguka pande tatu, na upande wa nne ni bahari. Ninajua kuwa mji mkuu umekaa kwenye kisiwa pale mto unapofungua mdomo, kwamba maji ya chumvi yanaingia mtoni na kupanda mbali kabla ya kuchoka, na kwamba ukingoni kuna mikoko, halafu mashamba ya mpunga ya akina mama, halafu karanga, karanga, karanga. Ninajua Wamandinka, Wafula, Wawolof, Wajola, na kwamba wengi wao ni Waislamu na wanataniana kwa koo bila kupigana. Ninajua kila kijiji kina mkuu wake anayeitwa alkalo, ambaye ndiye anayegawa ardhi na kuamua ugomvi wa mbuzi, na juu yake kuna mkuu wa wilaya, na juu kabisa bunge moja na rais mmoja. Alinisimulia pia kwamba meli ya Waingereza ilipanda mto ikipiga mizinga kulia na kushoto, na pale risasi ilipoanguka ndipo mpaka ulipowekwa. Nikamwuliza kama ni kweli. Akasema ni uongo, lakini ni uongo mzuri, unasaidia kukumbuka.

Alikuwa na neno moja alilolipenda mno. Kila tulipokwama kwenye tope la barabara iliyoahidiwa lami tangu mimi kijana, alishuka, akakunja suruali, akasema:

"Nchi kubwa inakusahau, Toleka. Nchi ndogo inakugombeza. Mi napenda banigombeze."

Nilimjibu kwamba mimi ninagombezwa vya kutosha na mke wangu. Alicheka, lakini hakuwa anatania. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba kuna mahali duniani ambapo daraja likivunjika waziri mwenyewe anachelewa kazini, na kwa hiyo linatengenezwa. Mtu hawezi kuchekwa kwa imani kama hiyo. Sisi tulio mbali na Kinshasa, siku nyingi za boti, tunajua anachokisema.

Hata kiwanja chake alikifanya Gambie. Kilikuwa kirefu na chembamba, katikati kunapita mtaro wa maji machafu ya mtaa mzima. Ule mtaro ndio uliokuwa mto. Upande wa jiko ulikuwa ukingo wa kusini, na mke wake, mama mwenye sauti ndogo kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto wa kweli, ndiye aliyekuwa gavana wake. Upande wa sebule ulikuwa kaskazini. Mvua kubwa ikinyesha mtaro ukajaa, alitoka mlangoni kututangazia majirani kwamba Gambie imefurika. Mke wake aliokota sufuria zinazoelea. Nafikiri alimpenda. Nafikiri pia alichoka.

Na mtu huyu, mwalimu wa mito, mwenye asili ya watu wa Isangi ambao huzaliwa wakijua kupiga kasia, aliogopa maji. Mganga hajigangi. Hakukanyaga mtumbwi. Wakwe zake walikuwa Lubunga, ng'ambo tu, unaona moshi wa majiko yao, lakini yeye alingoja bac, ile pantoni kubwa ya magari, na bac kama kawaida yake ilikuwa mbovu. Misiba ya ukweni alihudhuria kwa kusimama barabarani upande wetu, amevaa koti, akitazama. Wakwe walizoea. Walisema mkwe wao analia vizuri akiwa mbali.

Sasa nieleze habari ya kura, maana bila hiyo mtu huyu hajulikani.

Gambie hawapigi kura kwa karatasi, au angalau yeye alifundisha hivyo na baadaye nilithibitisha kuwa ni kweli. Wanapiga kwa gololi. Kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha. Unapewa gololi moja, unaingia nyuma ya pazia peke yako, unaitia kwenye bomba la pipa unalolitaka, nayo inagonga kengele ndani. Walioko nje wanasikia mlio mmoja, basi wanajua umepiga mara moja. Hawajui ni pipa gani. Mwalimu alisema binadamu hawajatunga serikali iliyo safi kuliko ule mlio. Darasani kwake kiongozi wa wanafunzi alichaguliwa hivyo kila mwaka: makopo ya maziwa ya unga badala ya mapipa, kokwa kavu za mchikichi badala ya gololi, mchanga chini ili kokwa isilie mara mbili, na kengele niliyomwazima mimi, kutoka baiskeli yangu ya zamani.

Siku ya kura alinizuia kukaribia shule. Kule Gambie, alisema, baiskeli hukatazwa karibu na kituo, kwa sababu kengele yake itachanganya wahesabuji.

"Toleka, leo hapana kupita hapa. Batu iko navota."

Kwa hiyo siku ile nilimshusha mbali, akatembea na makopo kwapani mpaka darasani, na tolekistes wenzangu wakaniuliza mteja wangu anakwenda kuuza maziwa wapi.

Basi ikatokea kwamba mjini kwetu alikuwapo Mgambia wa kweli. Alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara wa Afrika Magharibi waliokuja kununua almasi, mtu mrefu, mpole, mwenye kanzu ya buluu na Lingala ya sokoni. Mwalimu aliposikia hakulala. Nilimpeleka mwenyewe. Alikaa mbele ya yule mtu na kumweleza nchi yake: mipaka, mvua, bunge, karanga. Mgambia alisikiliza hadi mwisho, akamimina chai, akasema mwalimu anaijua nyumba kuliko mwenye nyumba. Kuhusu gololi alisema ni kweli, na mchanga ni kweli, na baiskeli pia ni kweli. Sijamwona mwalimu akifurahi vile, hata siku ya ndoa ya binti yake. Tangu siku hiyo Mgambia alikuwa mgeni wa nyumba, na alipokuja alimkuta kijana wa kiume wa mwalimu, fundi wa simu, mkono mwepesi. Miaka michache baadaye biashara ya almasi ilimpinga Mgambia, akaamua kurudi kwao kufungua duka la simu. Akasema atamchukua yule kijana, akikubali na wazazi wakikubali.

Kijana hakusema ndiyo na hakusema hapana. Alisema: kama nyumba itakavyoona. Alikuwa amelelewa na Gambie tangu tumboni, na angemwambiaje baba yake kwamba haitaki?

Mwalimu akaitisha kura. Jumapili mchana, baada ya misa. Wapiga kura walikuwa watano: yeye, mke wake, binti yao mkubwa, noko wa watoto, yaani mjomba wao, aliyekaa nao, na kijana mwenyewe. Mimi niliitwa kuwa mhesabuji kwa sababu si wa damu. Nyuma ya pazia la chumba cha kulala yaliwekwa makopo mawili. Kwenye moja alichora nyumba: abaki. Kwenye jingine alichora mtumbwi: aende. Alitukumbusha kwamba kura ni siri, siri hata kwa mume na mke, na kwamba yeye kama baba atafuata matokeo yoyote. Toleka mmoja akapita nje akipiga kengele, mwalimu akatoka mbio kumfukuza. Hapo tulicheka wote. Ninakumbuka kicheko hicho kwa sababu sikukisikia tena katika nyumba ile.

Waliingia mmoja mmoja. Mlio, mlio, mlio, mlio. Wa mwisho alikuwa mwenye safari. Alikaa nyuma ya pazia muda mrefu, mpaka noko akakohoa. Halafu mlio.

Nilimwaga makopo juu ya meza. Kwenye mtumbwi kokwa nne. Kwenye nyumba kokwa moja.

Hakuna aliyepiga makofi. Sote tuligeuka kumtazama mama. Noko akasema mama ni mama, akamshika bega. Mama aliinama, akaiokota ile kokwa moja mezani, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Kijana aliangalia kokwa nne, akamwangalia baba yake, akatabasamu. Akasema merci, akatushukuru mmoja mmoja, hata mimi.

Nilimbeba mimi na begi lake hadi beach, pale boti za kushuka Kinshasa zinapopakia mawese na mahindi. Mama na dada walishuka naye hadi majini. Mwalimu alibaki juu barabarani, ndani ya koti, kama kwenye misiba ya wakwe. Kijana alipanda nyuma ya Mgambia, akageuka, akaendelea kugeuka. Alikuwa akimtazama mtu wa juu barabarani. Nikajisemea anaomba baraka. Mwalimu alipunga mkono, akapaza sauti akimkumbusha kuwa mji mkuu uko kwenye kisiwa, asije akapotea. Hilo ndilo neno la mwisho alilompa. Linaniuma mimi, sembuse yeye.

Miaka ya kwanza simu zililia sana. Mwalimu aliweka sauti kubwa ili mtaa usikie. Aliuliza uko ukingo gani, maji ya chumvi yamefika wapi, umevuka kwa feri mara ngapi. Kijana alijibu yote, kwa adabu, kama mtu anayetahiniwa. Wakati mwingine alisema hapa kuna joto, Papa, hapa wananiita mgeni. Mwalimu alimjibu kwamba ni msimu wa kiangazi, utapita. Siku nyingine kijana akasema sasa wamejenga daraja kubwa juu ya mto, feri haina foleni tena. Nilimwona mwalimu anatazama mtaro wake kana kwamba wamelijenga pale bila kumwuliza. Na kabla ya daraja hilo, mwaka rais wao wa siku nyingi aliposhindwa kwa gololi, akakataa kataa, kisha akaondoka, mwalimu alizunguka Mangobo nzima akitangaza. Mwanawe alipopiga simu alitaka kusema jambo jingine. Alisema ameoa. Baba alimpongeza kwa yote mawili pamoja.

Halafu simu zikapungua, kama mvua inavyokatika, bila siku maalumu. Mwalimu akaacha kufundisha Gambie. Alichora Congo, kwa shida, kwa vipande: leo Opala na mto Lomami, kesho Basoko, chaki ikaisha, akaenda nyumbani. Juu ya baiskeli yangu alikaa kimya. Nilianza kuongea mimi, ili tu safari isiwe ndefu.

Kitu kimoja alichokuwa akisema, na alikisema mbele ya mke wake, ni kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja tu mwenye akili, na ni mama. Yeye peke yake alimwekea mtoto kokwa ya kubaki. Alisema hivyo kwa heshima. Alianza hata kumpelekea chai jikoni, ukingo wa kusini, yeye ambaye zamani aliletewa. Mama alipokea kikombe akiwa ameinama. Mimi nilifikiri ni huzuni ya mzazi.

Mama alifariki mwaka uliopita, kwa presha. Nilikwenda matanga kama wote. Safari hii mwalimu alivuka. Walimzika Lubunga kwa wazazi wake, bac ilikuwa mbovu, na mwalimu aliingia kwenye mtumbwi, akaushika ukingo wake kwa mikono miwili, macho wazi, mpaka ng'ambo. Hakuna aliyemsifu, na yeye hakutafuta sifa.

Juzi, baada ya mvua, aliniita. Nilimkuta ukingo wa kaskazini, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amestaafu, koti lile lile. Mtaro ulikuwa umejaa lakini hakutangaza kitu. Alikuwa na kengele yangu mkononi, ya zamani, ina kutu. Akanirudishia. Nilimwambia abaki nayo, mimi nina nyingine. Akasema hapana, haitalia tena humu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, yule mtu aliyezoea kufundisha mtaa.

Alisema mama kabla hajafa alimwita karibu. Alifungua ncha ya kitenge, kokwa ikiwa bado imo, imelainika kwa kushikwashikwa. Akamwambia:

"Ile haikukuwa ya mimi. Mi nilitupa mu mutumbwi. Nilijua bengine bote batamukatalia, sikutaka aone ni mama yake alimufunga. Kisha mulinipongeza, nikapata haya."

Mwalimu alimpigia binti yake. Binti akalia, akasema naye aliweka kwenye mtumbwi, kwa sababu alijua Papa na Mama hawatakubali, na hakutaka kaka yake akute kopo tupu. Akaenda kwa noko. Noko akasema hivyo hivyo: alitaka kumpa mpwa wake heshima moja tu, ya kujua kuwa kuna mtu mmoja wa ukoo anayemwamini.

"Na weye, Prof?" nilimwuliza.

"Na mimi," alisema. "Bon. Nilisema mama yake atamushika, dada yake atamushika, noko atamushika. Bacha baba amuachilie. Baba tu. Kokwa moja."

Hesabu haikuhitaji ubao. Nilikumbuka pazia lile na yule kijana aliyekawia nyuma yake. Nilikumbuka alivyotushukuru mmoja mmoja, na jinsi alivyoendelea kugeuka pale kwenye boti. Aliomba ashikwe, kwa njia pekee aliyofundishwa na baba yake ya kuomba, na sisi tukamhesabia sauti yake kuwa ya mtu mwingine. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mwalimu wajukuu anao, wako Gambie, wanazungumza Kiwolof, na hata neno moja la nyumba hii hawalijui.

Nilimwuliza kama amempigia kijana. Akasema ndiyo, jana yake. Hakumwuliza habari ya mto wala ya daraja. Alimwambia arudi, neno hilo, kwa mara ya kwanza. Kijana akasema, Papa, watoto wako shule hapa. Basi mwalimu akamwuliza lile lingine: ile kokwa moja ya kwenye nyumba, ilikuwa yake?

"Akanyamaza sana," mwalimu aliniambia. "Nilifikiri crédit ya simu imekwisha. Kisha akasema: 'Papa, ni weye ulitufundisha. Kura iko siri.'"